Figa la Mwinshehe

Kasabuye, 18 Februari 2024

Dada Mwanvua,

Shikamoo. Najua ukiiona bahasha utacheka kwanza ndipo uifungue, maana tangu nitoke shule ya bweni sijakuandikia barua, na hata zile zilikuwa za kuomba sabuni. Nifanyeje? Huku simu yangu imegeuka tochi. Ukitaka mtandao unapanda mlima mpaka magoti yanakulaumu, na ukifika kileleni unakuta ujumbe wa kukuhimiza ununue vifurushi. Basi nimepatana na Calixte, nahodha wa boti inayopita mwambao huu kila wiki kuchukua abiria na magunia ya muhogo. Bangwe anashusha watu karibu kabisa na kwako. Mpe chai, ushauri baki nao.

Mimi mzima, ila mgongo. Tunakula ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, mawese hayakosekani, kwa hiyo usianze kunihurumia. Yasmini hajambo? Bado mnashona pamoja pale Mwanga, au mmeshagombana tena juu ya mkasi? Na maji yamefika wapi? Watu wa boti wanasema ziwa limepanda kuliko mwaka jana, na majirani zako wameanza kung'oa milango na mabati wahame navyo. Dada, binti yako Yasmini ana chumba kizuri huko mlimani. Nimesema, sirudii.

Sasa kazi iliyonileta. Nilikwambia tunakuja kupima na kuchora jengo la kale. Nilidhani ni vijiwe vichache vya kumfurahisha Dokta Leodgar, mkuu wetu. Siyo. Ni ukuta wa mviringo, umenizidi kimo mara mbili, umepangwa kwa mawe matupu bila udongo wala chokaa. Ya chini ni makubwa kama ng'ombe aliyelala. Aliyeyasukuma simjui na wenyeji hawamjui. Ya juu ni madogo, mtu mmoja anabeba. Upande wa nchi kavu hauna mlango. Sisi tunaingia kwa ngazi kama wezi. Mlango ni mmoja tu, unatazama ziwani, na ni mfupi kiasi kwamba mtu mzima lazima atambae.

Leodgar anasema ni ngome. Nikamuuliza, askari wa ngome hii walikuwa wanaingia kwa kutambaa kutoka majini? Akasema basi ni ghala. Nikamuuliza ni ghala gani linalopakana na mawimbi. Jioni zetu zinaishia hapo, tunabishana mpaka chai inapoa. Mimi nasema ni kaburi la mwami fulani, mtawala wa zamani, ingawa mfupa hatujaona hata wa kuku.

Na kuna hili. Ukiwa ndani, baadhi ya mawe yana masizi kwenye uso unaokutazama. Si yote. Jeusi hapa, safi pale, jeusi tena. Leodgar anasema jengo liliungua. Moto gani unachagua mawe? Halafu asubuhi kabla ya jua kuchomoza, yale meusi yana joto. Anasema yanatunza jua la jana. Jana mvua ilinyesha kutwa.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Mdogo wako,
Hamdani


Bangwe, 3 Machi 2024

Hamdani mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika inanuka samaki. Calixte nimempa chai, na ushauri kidogo tu, kuhusu zile ndevu.

Yasmini hajambo, anakusalimu. Mkasi aliupoteza yeye, usikubali atakalokwambia. Ramadhani inakaribia na kila mtu anataka nguo ya Idd leo leo, kwa hiyo tunashona mpaka miguu inakufa ganzi. Wateja wanalalamika nachelewa kufungua. Wataendelea kulalamika, mimi asubuhi nina shughuli zangu.

Maji yamefika kwenye mpera. Jirani wa kulia amehama, wa kushoto amehama amebakiza paka. Umesema hurudii, basi usirudie. Nyumba hii siihami.

Kuhusu jengo lenu, nyote wawili mmekosea. Hiyo ni jela. Mlango wa kutambaa si wa mgeni anayekaribishwa. Aliyeutengeneza alitaka anayepita ainame. Na upande wanakoishi watu ameziba kabisa. Kuna kitu wazee wale walikiogopa, wakakijengea. Wakakiachia ziwa kiende na kurudi huko, lakini vijijini kisije. Kaburi halihitaji mlango, Hamdani. Jela ndiyo inahitaji, maana aliye ndani anaweza kutaka kutoka.

Nina swali dogo. Joto la hayo mawe likoje? Ni la jiwe lililoanikwa juani, au ni kama la figa, unapoligusa asubuhi na moto ulizimwa jana? Nauliza tu.

Usilale ndani ya hilo jengo.

Dada yako,
Mwanvua


Kasabuye, 24 Machi 2024

Dada yangu,

Shikamoo, na funga njema. Huku tunaofunga ni mimi na mpishi, na mpishi nina wasiwasi naye. Futari ni muhogo na dagaa. Nikifumba macho naona maandazi yako. Mwambie Yasmini gauni la mke wangu alishone kwa siri, nitalipa nikirudi.

Swali lako limenikosesha raha. Ni joto la figa. Sikuwa nimelifikiria hivyo mpaka uliponiuliza, nikapanda ngazi kwenda kugusa tena. Umejuaje?

Wiki iliyopita Leodgar alichomoa jiwe moja jeusi la juu ili ayakwangue yale masizi, ayapeleke yakapimwe. Akalilaza kwenye hema lake. Asubuhi nikamkuta amekaa nje na blanketi, hema lote limelowa, hata mto, na mvua haikunyesha. Alilirudisha mwenyewe mahali pake, akalipanga vizuri, na tangu siku hiyo neno ngome analisema kwa sauti ndogo.

Nikamwendea bibi mmoja anaitwa Ndayikeza. Kwao ni Burundi, aliolewa hapa akiwa msichana. Nilikuwa nimemwona kila asubuhi anazunguka ukuta kwa mtumbwi, anaingia kwa ule mlango mfupi, anakaa kidogo, anatoka. Nilimuuliza kama pale ni boma au ni makaburi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mama yake ni nani. "Ni iwabo," akasema kwa Kirundi chake, yaani ni kwao.

Kwao nani, nikauliza. Akanieleza taratibu, huku anamenya muhogo. Mtu akichukuliwa na ziwa na asipatikane, mjomba wake, kaka wa mama yake, huenda nyumbani alikotoka, akachukua figa moja katika yale matatu yaliyopikiwa chakula chake. Hulileta kwa maji, hulipanga ukutani, masizi yakitazama ndani. Aliyepotea huja kwa njia anayoijua sasa, ya majini, akapita mlango ule, akakaa mbele ya figa lake akaota moto. Upande wa nchi kavu umezibwa kwa sababu huko hana tena njia. Yale makubwa ya chini yaliwekwa kabla ya watu kukumbuka. Haya madogo yana majina. La mume wake yeye liko kushoto unapoingia. Alinipeleka nikaligusa, nalo lilikuwa na joto.

Kwa hiyo Leodgar amekosea, mimi nimekosea, na wewe umekosea nusu.

Dada, unajua ninapoelekea. Miaka miwili sasa tangu mwanao aende kuvua dagaa. Mtumbwi ulionekana asubuhi unaelea, taa bado inawaka, Mwinshehe hayumo. Swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, ilisaliwa wewe umejifungia ndani. Hitima uliikataa. Sikukulaumu na sikulaumu leo. Lakini mjomba wake ni mimi, hana mwingine. Yale mafiga matatu uani, aliyokuwa akichomea samaki, bado yapo? Nipe moja. Shehe atasema nini najua. Ninachoamini mimi mwenyewe sikijui tena, huku kumenichanganya.

Hamdani


Bangwe, 21 Aprili 2024

Hamdani,

Idd ilipita salama. Gauni la mkeo lipo tayari.

Umeona Calixte akija mara kadhaa mikono mitupu, usimlaumu yeye. Alikuwa anauliza barua, nami nilikuwa namwambia bado.

Sikuzaa mtoto ili nimgawe kwa mawe. Nimesema ile ni jela na bado nasema. Mnawapa watu kijimoto kwenye ukuta usio na njia ya kurudi nyumbani, halafu mnasema mmewapa makazi. Nani alimwuliza mume wa bibi yako Ndayikeza kama anataka kukaa pale? Mwanangu hajarudi. Kutorudi si kufa. Watu wanavuka ziwa hili, wanatokea Kongo, wanakaa huko miaka, siku moja wanabisha hodi.

Wewe ni mdogo wangu, nilikubeba mgongoni, kwa hiyo nakwambia kwa wema: usiniletee msiba kwa boti.

Maji yameingia uani.

Mwanvua


Kasabuye, 19 Mei 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe. Umenibeba mgongoni nami nimekupiga teke. Sikuwa na haki ya kuomba vile, kwa karatasi, kutoka mbali.

Habari za huku ni kwamba ziwa limefungwa. Serikali imesimamisha uvuvi kwa miezi kadhaa ili samaki wazaliane, kama unavyojua. Giza likiingia hakuna taa hata moja majini, na mimi nimezoea kuziona zimetapakaa kule mbali kama mji mwingine. Ndayikeza anasema wakati ziwa likifungwa ndipo wasio na figa huonekana, maana hawana taa za wavuvi za kujifichia. Leodgar alikuwa amekaa nasi, hakubisha. Ripoti yake ataandika ngome, amekwisha kuniambia. Nami nimemwambia aandike. Tukiandika la Ndayikeza, watakuja watu na magari kuyachomoa mawe waone majina.

Maji yamefika kwenye mlango mfupi. Sasa mtumbwi unamfikisha anayeingia mpaka kizingitini.

Nilikuwa nimeapa kunyamaza, lakini Calixte ameniambia kitu. Hakutaka kusema, nilimbana. Alipita Bangwe alfajiri, akakuona uani kwako umesimama kwenye maji, moto unafuka juu ya mafiga, umeshika mabakuli mawili. Ulikuwa unaongea. Alipunguza mashine asikilize, akidhani unamwita yeye. Kisha akaiongeza, akaondoka haraka, na tangu hapo hapiti karibu na kwako mpaka kupambazuke.

Dada, nilikuuliza kuhusu figa ukanijibu kuhusu jela. Sasa nauliza jingine na sitaki unijibu kuhusu mkasi wala Calixte. Unampikia nani?

Hamdani


Mwanga, 2 Juni 2024

Hamdani mdogo wangu,

Marahaba. Umeona jina la mahali hapo juu. Ukuta wa jikoni ulianguka Ijumaa na Yasmini alikuja na mkokoteni bila kuniuliza. Niko kwenye chumba chake kizuri. Kweli ni kizuri. Sina la kusema dhidi yake, na hilo linaniudhi.

Umeuliza. Nitakwambia mara moja tu.

Alianza kuja maji yalipofika kwenye mpera. Ilikuwa alfajiri, nimeamka kusali, nikasikia mtu anatembea majini pole pole, kama anayetafuta kitu kwa miguu. Nikafungua mlango wa uani. Alikuwa amekaa kwenye mafiga, mgongo kwangu, vile alivyokuwa akikaa. Sikupiga kelele. Nilifurahi, Hamdani, nakwambia nilifurahi mpaka nikashika ukuta. Nikawasha moto, nikapika uji.

Hali kitu. Ananyosha mikono juu ya moto tu. Na moto akiukaribia unapungua, hata uwe na kuni kavu kiasi gani. Uji unapoa kabla sijaumimina. Kukipambazuka ameshaondoka, na pale alipokaa pana majimaji na mchanga wa ziwani. Siku ile alipokwenda kuvua alisahau sweta lake msumarini. Nilimwona analisahau, nikasema moyoni usiku huu hakuna baridi. Nimejaribu kumvika. Linateleza.

Amesema neno mara moja tu. Alisema, "Mama, moto hauwaki."

Ndiyo maana sikuhama. Ndiyo maana uliponiandikia juu ya joto la yale mawe nilikuuliza nililokuuliza, halafu nikaogopa jibu. Kama kuna mahali ana moto unaowaka, na mimi ndiye ninayemzuia hapa kwenye moto usiowaka, basi mimi ni mama gani?

Calixte anakuletea figa moja. Limefungwa kwenye sweta. Lishushe kwa mikono yako, usimpe kibarua.

Mwanvua


Kasabuye, 23 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimekaa kwenye mchanga, Calixte akipakia mizigo. Kumbe miezi yote hii nilikuwa nakutania juu ya chumba cha mlimani.

Figa lilifika salama. Calixte hakulichanganya na mizigo. Alilipakata mwenyewe njia nzima na usukani akamwachia mwenzake. Nilimwomba Ndayikeza anionyeshe. Tulikwenda kwa mtumbwi, nikatambaa kwenye mlango ule nikiwa nimelikumbatia, maji yakinifika kifuani. Ndani ni giza na pana harufu ya jikoni, dada. Si ya makaburi. Ni harufu ya jikoni kwa watu wengi. Nikalipanga upande wa kulia, masizi ndani, nikalitaja jina lake na lako. Sweta nimeliweka chini yake. Nililia, usinicheke.

Ninachokuandikia sasa nilitaka kukificha. Nimeandika barua nyingine kabla ya hii nikaichana.

Halikupata joto. Nimekwenda kila asubuhi. Mawe ya jirani yake, juu na chini, yana joto lake la kawaida. La Mwinshehe ni baridi, na si baridi ya jiwe, ni baridi ya kitu kilichotolewa majini sasa hivi. Leodgar alipanda ngazi akagusa, akasema labda lina aina tofauti ya madini. Hakuonekana kujiamini.

Ndayikeza aliweka kiganja chake hapo. Halafu akaniuliza, "Mama yake, yale mawili kayaweka wapi?"

Sikujua kama kuna la kufanya na yale mawili. Ndivyo nilivyokosea mimi. Niliuliza jinsi ya kupanga jiwe, sikuuliza yanayobaki. Anasema figa moja likija huku, yale mengine mama huyatia ziwani mwenyewe. Jiko la zamani lazima livunjike. Likibaki limesimama, mtoto anakuwa na mioto miwili, hana hata mmoja.

Nilimwambia Bangwe imeliwa na maji, bila shaka mafiga yamekwenda nayo. Akatikisa kichwa. Dada, yako wapi?

Hamdani


Mwanga, 14 Julai 2024

Hamdani,

Marahaba, na mkeo alipita, gauni limemkaa vizuri. Hitima tumesoma Ijumaa. Walikuja watu wengi, hata yule jirani wa paka.

Mafiga nilikuwa nayo. Siku ya mkokoteni niliyatia kwenye gunia la vitambaa, Yasmini akausukuma mkokoteni huku analaani cherehani kwa uzito ule. Nilikutumia moja kwa moyo mmoja, na mawili nikayabakiza kwa moyo mwingine. Nyuma ya chumba nikayapanga, nafasi ya tatu nikaweka tofali. Nilisema hapa ni mlimani, maji hayafiki, moto utawaka. Nilidhani nimewashinda wote, ziwa na wewe na bibi yako.

Alichelewa kupajua. Halafu akaja. Kutoka Bangwe mpaka huku ni kupanda, nawe unakijua kile kilima. Alikuja kwa miguu. Hakuwa amelowa tena, Hamdani, alikuwa mkavu kama dagaa wa juani, na nyayo zimepasuka. Aliacha alama za vumbi jeupe mlangoni. Kila asubuhi alikuwa mwembamba kuliko jana yake, na kila asubuhi nilipika nikamwambia karibu mwanangu. Tofali lilipasuka kwa moto. Nikaweka jingine.

Barua yako ilipofika niliichana, kama ulivyoichana ile yako. Kesho yake alikaa akageuka. Miezi yote hiyo alikuwa ananipa mgongo, na siku hiyo akageuka akanitazama usoni. Nilitamani uso ule kuliko kitu chochote. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, basi, kama mtu anayeombwa abaki na anaona haya kusema anataka kwenda.

Nilisema kule kwenu ni jela. Jela nilikuwa nayo mimi nyuma ya nyumba, na mlinzi nilikuwa mimi.

Nikamwamsha Yasmini, nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajitanda kanga, akabeba figa moja na mimi moja. Tulishuka Bangwe kukiwa kumepambazuka. Pale uani petu sasa ni ziwa tupu, mpera peke yake ndio umetoa kichwa. Niliingia mpaka kiunoni. Nikasema, "Mwanangu, kwa mama hakuna moto tena. Nenda kwa mjomba wako." Nikaliachia langu, Yasmini akaliachia lake. Hayakufanya mshindo mkubwa.

Asubuhi iliyofuata niliamka kwa mazoea, nikapika uji kwenye gesi. Nikasubiri. Hakuja. Nililia mpaka nikakosa sauti, na Yasmini alinishika kichwa. Kisha nikanywa uji wangu. Ulikuwa wa moto mpaka chini ya bakuli, nami nilikuwa nimesahau kwamba uji hukaa moto hivyo.

Sasa wewe. Nenda kaguse. Usinifariji, Hamdani, nimefarijiwa vya kutosha na watu wa hitima. Niambie lilivyo.

Mwanvua


Kasabuye, 21 Julai 2024

Dada,

Calixte anangoja na mashine inawaka, kwa hiyo salamu utanidai.

Nimekwenda alfajiri hii, kabla ya jua, mimi na Ndayikeza. Nimeweka kiganja kwenye figa la Mwinshehe nikakitoa haraka. Limeniunguza. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala hivi. Sweta lililokuwa chini yake ni kavu kabisa, na limekunjwa. Sikulikunja mimi.

Nilimuuliza Ndayikeza kwa nini la Mwinshehe linawaka kuliko yote. Alicheka kidogo, mara ya kwanza kumsikia anacheka. Anasema aliyekaa na baridi muda mrefu huchochea moto kupita kiasi siku za mwanzo. Atazoea.

Hamdani